Nilivyomsingizia Marehemu Kwenye Njia ya Lumakanda

Ipo Ijumaa moja, mwanangu, ninayoikumbuka hata nisipotaka. Nikisikia injini ya petroli ikitetemeka barabarani, gari linaposimama kungoja ng'ombe wavuke, siku hiyo hunirudia yote. Mke wangu ananijua. Akiniona nimenyamaza ghafla huniuliza kama nataka chai, nami humwambia ndiyo, hata kama nimetoka kunywa. Miaka imepita zaidi ya arobaini, na watu niliowahi kuwasimulia habari hii hawajazi benchi moja la kanisa. Nakuandikia wewe kwa sababu umeanza kushika spana na kwa sababu una kipaji. Nasema hivyo kwa huzuni kidogo, maana kipaji ndicho kilichoniponza mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimejifunza ufundi kwa miaka mitano katika uwanja wa Mzee Muhanji, mtu mfupi, mwenye maneno machache, ambaye aliweza kusimama kando ya gari akiwa amefumba macho na kukuambia ni plagi gani haichomi. Watu walimheshimu Kakamega nzima. Mimi nilimheshimu kwa miaka minne, na mwaka wa tano kichwa kikaanza kuvimba. Nikatoka kwake, nikasimamisha mabati manne na nguzo kando ya barabara ya Shirere, nikajiita fundi. Hilo halikuwa kosa. Kosa ni kwamba siku moja, katika kibanda cha chai, mbele ya watu wengi, nilisema Mzee Muhanji hutengeneza magari kwa masikio kwa kuwa macho yamemwisha. Watu walicheka. Maneno yalimfikia, na tulipokutana barabarani alinisalimu vilevile kama zamani, akaniuliza habari za mama yangu. Angenitukana ningepata nafuu.

Ndipo Jumatano ya wiki ya ile Ijumaa akaja kwangu Baba Luseno na pikapu yake. Ilikuwa pikapu ya petroli, ya zamani hata kwa siku zile, rangi ya samawati iliyopauka, na alikuwa akiitumia kubebea miche ya miwa na watu wa harusi, chochote kilichokuja.

"Fundi, hii gari inazimikanga nikisimama tu," akaniambia. "Ikitembea iko sawa. Nikisimama inatetemeka kama mtu wa malaria, halafu inakufa. Na breki nayo siku hizi imekuwa ngumu kidogo."

Ngoja nikueleze kidogo, maana huenda hizi za zamani hujazizoea. Siku hizi mnachomeka kimashine na gari lenyewe linawaambia linaumwa wapi. Zile hazikuwa na mdomo. Injini ikinguruma gari likiwa limesimama, bila mguu kwenye mafuta, inaishi kwa petroli kidogo sana na hewa kidogo sana, na vipimo hivyo viwili lazima vipatane. Hewa ikiingia kupitia mahali pengine isipotakiwa, hata kwa ufa mdogo, mchanganyiko unakuwa mwepesi, injini inatetemeka na kufa. Ukikanyaga mafuta huoni kasoro, kwa sababu hewa inayoingia ni nyingi na ule wizi mdogo hauhesabiki. Kwa hiyo gari linakimbia vizuri na kusimama vibaya. Mzee Muhanji alinifundisha hayo mwaka wa kwanza. Niliyajua.

Nilifungua plagi, nikazisugua. Nikafungua kofia ya distribyuta, ile inayogawia plagi moto, nikaikausha na kuifuta. Nikateremsha kabureta inayochanganya petroli na hewa, nikaiosha kwa petroli hadi ikang'aa, nikapuliza vitundu vyake vyote kwa mdomo mpaka midomo ikaniwasha. Nikarudisha kila kitu, nikawasha. Ikatetemeka vilevile. Alhamisi nikarudia yote tangu mwanzo, nikiwa na hasira sasa, na hasira ni fundi mbaya sana. Ikatetemeka. Jua lilikuwa linaelekea kuzama na Baba Luseno alikuwa ameketi juu ya gurudumu kuukuu akinitazama.

Kutoka pale hadi kwa Mzee Muhanji ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Ningeenda, angekuja, angesikiliza, angeniambia. Nilifikiria kile kibanda cha chai na kile kicheko, nikaona miguu haiendi. Badala yake nilichukua bisbisi nikaikaza ile skrubu ya kabureta inayoongeza mafuta gari likiwa limesimama. Injini ikapaa, ikawa inanguruma kwa nguvu kupita kiasi, lakini haikuzima. Mtetemo ulizama ndani ya ule mngurumo. Nikafunga boneti.

Baba Luseno aliuliza kama imepona, nikamwambia iko sawa. Akaniambia amefurahi sana, maana kesho yake ndiyo ingebeba mwili wa Mwalimu Shivachi kutoka chumba cha maiti mjini hadi Lumakanda, na yeye asingependa aibu mbele ya watu. Hapo, mwanangu, nilikuwa na nafasi ya pili. Nikamwambia tena iko sawa. Akaniomba nisafiri nao, ikitokea chochote niwe karibu. Nikakubali, na usiku huo sikula vizuri.

Sasa nikuambie juu ya Mwalimu Shivachi, kwa sababu bila yeye hutaelewa nilichofanya. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka mingi, mtu wa hapa karibu na mji, mahali walipozikwa baba yake na babu yake. Alipokaribia kustaafu alinunua shamba katika mpango wa makazi kule Lumakanda, akahamia na mkewe, Mama Ayuma. Yule mama ndiye aliyeling'oa lile shamba kutoka porini. Yeye na jembe. Mwalimu alikuwa akisema hadharani kwamba yeye alinunua udongo tu, mahindi ni ya mke wake. Alipougua, walimleta kwa binti yao Ayuma, aliyekuwa akiishi Shieywe, mjini Kakamega, ili awe karibu na matibabu, na huko ndiko alikofia.

Ndugu zake, wakiongozwa na kaka mkubwa, Mzee Amukoya, walitaka azikwe kwao, kando ya baba yake. Mama Ayuma alitaka azikwe Lumakanda, kwenye boma lake mwenyewe. Usidhani ulikuwa ubishi wa mahali pa kuchimba tu. Mume akizikwa kwa wazee wake, mjane angetakiwa kumfuata na kukaa huko chini ya shemeji zake, na shamba la Lumakanda lingebaki mikononi mwa ukoo. Mama Ayuma alikuwa na miaka hamsini na kitu, na kila kitu alichokijua duniani kilikuwa juu ya lile shamba. Walikaa vikao vitatu. Mwishowe Mzee Amukoya alikubali Lumakanda, lakini alikubali kwa mdomo. Hakuwa mtu mbaya, nataka ulijue hilo. Alikuwa mzee anayempenda mdogo wake na ambaye aliona anamwacha peke yake kwenye udongo wa wageni.

Ijumaa tuliondoka mjini saa nne asubuhi. Pikapu ilikuwa mbele, imefungwa matawi kwenye boneti, na jeneza nyuma. Mama Ayuma alikaa kando ya jeneza pamoja na bintiye, na Mzee Amukoya upande wa pili. Mimi nilikaa mwishoni kabisa, mgongo kwenye mlango wa nyuma. Lori la waombolezaji lilitufuata, na ndani yake alikuwemo Mzee Muhanji, kwa sababu Mwalimu alikuwa amewafundisha watoto wake wote. Nilipomwona akipanda lile lori niligeuza uso.

Kwenye lami mambo yalikwenda vizuri. Tulipita Malava, tukaendelea, na kila tuliposimama kidogo niliisikia injini ikihangaika chini ya ule mngurumo wa uongo niliouweka, kisha Baba Luseno anakanyaga mafuta na tunaondoka. Nilianza kuomba Mungu. Nilimwomba atufikishe tu, kisha kesho yake ningeirekebisha vizuri. Ni maombi ya watu wengi hayo.

Tulipoiacha lami na kuingia njia ya vumbi ya kwenda Lumakanda, tulikuta akina mama wa huko wametoka kumpokea Mwalimu. Unajua desturi yetu. Maiti hapelekwi nyumbani mbio. Wale mama waliingia mbele ya gari wakiimba, na gari likawa linatambaa nyuma yao kwa mwendo wa miguu yao, linasimama wanaposimama kuinua wimbo, linasogea wanaposogea. Kulikuwa na kilima kidogo. Injini ilikuwa imechemka. Hatukufika hatua mia mbili, pikapu ikatetemeka, ikazima.

Baba Luseno akaiwasha. Ikazima. Akaiwasha tena, ikakohoa na kufa. Mara ya nne na ya tano hivyohivyo. Wimbo ulipungua sauti moja baada ya nyingine mpaka ukaisha. Nikasikia mtu nyuma yangu, sikumwona ni nani, akisema kwa sauti ya chini kwamba marehemu amekataa.

Wewe umezaliwa huku, sina haja ya kukueleza sana. Gari lenye maiti likikwama njiani watu hawaangalii gari. Wanamwangalia marehemu, wanajiuliza ana neno gani na nani, na kwa nini hataki kwenda anakopelekwa. Hata wasomi waliokuwa kwenye lori siku ile walishuka wakiwa wamevua kofia. Siicheki imani hiyo, na usiicheke. Ninachosema ni kwamba siku ile katika watu wote waliosimama kwenye ile njia, ni mmoja tu aliyejua kwa nini gari limezima, na huyo mmoja alikuwa mimi.

Mzee Amukoya aliweka kiganja juu ya jeneza, akazungumza na mdogo wake kwa lugha ya kwao, taratibu, kama mtu anayemwamsha mwenzake. Alimwambia kwamba wameelewa. Kisha akatuambia tuigeuze pikapu itazame tulikotoka, tuone. Tuliisukuma tukaigeuza. Sasa ilikuwa imeelekea kilima chini, kwenye lami, na ilikuwa imepumzika ikapoa kidogo. Baba Luseno akaiachia iteremke, akaingiza gia, akakanyaga mafuta, na injini ikawaka mara moja, ikanguruma safi; akasimama hapo chini kidogo, mguu ukiwa bado kwenye mafuta.

Mzee Amukoya alikuwa analia na kutabasamu. Alisema neno moja tu, kwamba ndugu yake anataka kwenda kwao.

Mimi nilijua. Gari lolote lenye ugonjwa ule lingewaka likiteremka na mguu uko kwenye mafuta. Hata mwanafunzi wa mwezi mmoja angejua. Nilifungua mdomo, nikaona zile nyuso zote, na lile lori, na Mzee Muhanji akiwa bado mbali nyuma ya watu, nikaufunga. Nilijiambia kwamba haya ni mambo ya ukoo, mimi ni fundi tu, yananihusu nini.

Hapo ndipo Mama Ayuma alipoteremka. Aliteremka polepole, akazunguka nyuma ya pikapu, akapiga magoti kwenye vumbi na kushika ukingo wa jeneza. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa.

"Baba Ayuma," akasema, "ulinisemeshanga juu ya kwenu. Ile wiki ya mwisho kabla tukulete kwa Ayuma uliniambia, nipeleke nikaone kaburi ya mama. Nikakuambia tumalize kupalilia kwanza. Nikakudanganya ati gari hakuna. Gari ilikuwako. Niliogopa ukienda hawatakurudisha. Ni mimi. Kama ni hiyo, nisamehe, lakini usinitoe kwangu."

Alilisema hilo mbele ya shemeji zake, mbele ya binti yake, mbele ya majirani wa Lumakanda ambao angeishi nao maisha yake yote. Hakuna aliyelijua neno hilo ila yeye na mtu aliyekuwa ndani ya jeneza. Lingekwenda naye kaburini. Ayuma alimtazama mama yake kwa jicho ambalo sitalieleza, kwa kuwa Ayuma angali hai na walipatana baadaye. Mmoja wa ndugu aligeuka akatema mate. Nami nilikuwa pale, nimeshikilia mlango wa pikapu, na sikusema kitu. Mwanangu, hii ndiyo sehemu ninayoiona aibu kuliko ile ya skrubu.

Mzee Muhanji alikuwa amefika. Alikwenda upande wa dereva, akamwomba Baba Luseno atoe mguu kwenye mafuta. Injini ikaanza kutetemeka. Mzee akafumba macho, kama nilivyomwona akifanya mara elfu. Akaomba koleo, nikampa. Akainua boneti pamoja na matawi yake, akatafuta paipu ya mpira inayotoka kwenye injini kwenda kwenye breki, ile inayovuta hewa ili kanyagio liwe jepesi, na akaibana kwa koleo karibu na injini.

Mtetemo uliisha. Palepale. Injini ikapanda juu, ikalia kwa nguvu ya ile skrubu niliyoikaza, lakini ilikuwa laini kabisa. Akaachia koleo, ikatetemeka. Akabana, ikatulia. Akapitisha vidole chini ya ile paipu hadi upande wa pili, mahali inapokunjwa, mahali ambapo jicho halifiki, na akakuta ufa. Hakuniuliza kama niliuona. Aliniambia nimfuate, tukasogea kando ya shamba la mahindi, hatua chache kutoka kwa watu.

"Hii skrubu ni nani alikaza?"

"Ni mimi, mzee."

"Baba Luseno alikuambia breki ni ngumu?"

"Aliniambia."

Nilitegemea atanikumbusha kibanda cha chai. Hakukitaja siku ile, wala hakukitaja hadi alipokufa.

"Ungeua watu kwa hiyo breki," akasema. "Hiyo Mungu amekusamehe, hawajakufa. Lakini umemfanya marehemu aseme uongo. Mtu ambaye hawezi kuinuka ajitetee. Umemwekea maneno kwa mdomo, na huyu mama ameyajibu. Enda uwaambie."

Nikamwomba aseme yeye. Nilimwambia wao watamwamini yeye, mimi ni kijana, watanipiga. Akaniambia kwamba inawezekana kabisa wakanipiga. Kisha akarudi kwenye gari, akaniacha pale.

Kutoka yale mahindi hadi kwenye lile jeneza hazikuwa hatua ishirini. Sijui nilizitembeaje. Nilisimama karibu na Mama Ayuma, ambaye alikuwa bado yuko chini, nikamwambia Mzee Amukoya kwamba gari halikukataa. Nikawaeleza juu ya ile paipu na ile skrubu. Nikasema kwamba Jumatano sikujua ugonjwa wa gari, Alhamisi bado sikujua, na niliona aibu kusema sijui. Nikasema kwamba lilipozima nilijua kwa nini, na lilipogeuzwa likawaka nilijua kwa nini, na nilinyamaza.

Nilitegemea kofi. Mzee Amukoya aliniuliza swali moja.

"Kwa hivyo ndugu yangu hajasema kitu?"

"Hajasema kitu, mzee. Ni mimi."

Yule mzee alikwenda akaketi kwenye ukingo wa njia, akaweka kofia yake magotini na kulia. Hapo ndipo nilipoelewa nilichomfanyia yeye pia. Kwa nusu saa aliamini kwamba mdogo wake amezungumza naye kwa mara ya mwisho, na kwamba katika watu wote alimchagua yeye. Nilimpa kitu hicho bila haki na nikamnyang'anya. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira ya watu. Kwa huzuni ile sikuwa nimejiandaa hata kidogo.

Mzee Muhanji aliikata ile paipu kwa kisu pale penye ufa, na kwa bahati ilikuwa ndefu ya kutosha, akaivuta na kuikaza upya. Akanipa bisbisi mkononi nirudishe skrubu mwenyewe mahali pake. Pikapu ilinguruma kwa upole, hata waliosimama mbali wakalazimika kuangalia kama inawaka. Kila mtu alikuwa anamtazama Mzee Amukoya sasa. Angeweza kusema lolote. Jeneza lilikuwa limeelekea kwao, na neno la Mama Ayuma lilikuwa limeshatoka, wote walilisikia. Alipanguza uso, akavaa kofia.

"Tulikubaliana Lumakanda," akasema. "Geuzeni gari."

Mwalimu Shivachi alizikwa kesho yake kwenye boma lake, nyuma ya nyumba, na Mama Ayuma aliishi pale mpaka alipozeeka sana. Nusura boma hilo limtoke, na liliponea kwa neno la mzee mmoja mwenye uchungu ambaye hakulipiza. Lakini mambo hayakurudi yote. Ndugu wa Mwalimu walikuja mazishini, na baadaye wakawa hawaji. Lile neno la kaburi la mama yao lilikuwa limewaingia.

Baada ya wiki mbili nilikwenda Lumakanda kumwomba Mama Ayuma radhi. Nilimkuta akipukuchua mahindi. Alinipa kiti, akanipikia obusuma, ugali wetu wa nyumbani, na mboga, akanitazama nikila mpaka nikamaliza. Nilipomwambia kilichonileta alisema alikwisha kunisamehe siku ileile, kwa sababu mtu hawezi kulala na vitu vingi kifuani. Kisha akaniambia jambo, na nalinukuu kama alivyolisema.

"Lakini fundi, kosa langu nilikuwa nimepanga kumwambia peke yangu. Kwa kaburi, tukiwa wawili. Ulinifanya nimwambie mbele ya watu, na yeye hata hakuwa ameuliza."

Nilichukua hindi nikapukuchua naye mpaka jioni.

Nilirudi kwa Mzee Muhanji nikamwomba aniruhusu kukaa naye tena. Aliniruhusu kana kwamba nilikuwa nimetoka kununua sabuni. Nilikaa miaka mitatu mingine, na katika miaka hiyo nilimsikia mara nyingi sana akiwaambia wateja, wakubwa kwa wadogo, maneno ambayo zamani sikuwahi kuyasikia, kwa sababu sikuwa nasikiliza. "Sijajua bado. Niachie nitafute." Na hakuna hata mteja mmoja aliyemhama kwa kusema hivyo.

Basi, mwanangu, sikia ninachokuomba. Gari linalotetemeka likisimama, tafuta hewa inayoiba njia kabla hujagusa skrubu yoyote. Shika kila paipu kwa vidole, na pale jicho lisipofika ndipo uangalie zaidi. Mwenye gari akitaja jambo la pili kana kwamba ni dogo, acha ulichoshika umsikilize, maana Baba Luseno aliniambia ugonjwa wote kwa kinywa chake na mimi nikasikia nusu. Ukishindwa, sema umeshindwa. Nenda kwa anayejua, hata kama ulimcheka, hata kama miguu haitaki. Aibu ya siku moja utaishinda. Na ikiwa umeshakosea, na ukaona watu wameanza kumtafuta mwenye kosa mahali pengine, jitokeze mara moja, usingoje kuitwa. Mimi nilichelewa kwa muda wa maneno machache ya mama mmoja, na muda huo sijaweza kuurudisha.

Mungu akubariki mikono, isikate tamaa upesi. Akubariki masikio, yasikie hata kinachosemwa kwa sauti ya chini. Akupe ulimi mwepesi siku ya kusema "ni mimi". Na ukichelewa kama nilivyochelewa, akuletee mtu wa kukuvuta kando ya mahindi akuulize, kabla mtu mwingine hajapiga magoti kwa ajili yako.